Sindano ya Mama Shema

"Hapana, nimesema hapana, na ukiuliza mara ingine utapata hapana ile ile," Emérita alisema. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala kifuani ndani ya kipande cha kitenge, kwa hiyo mwiko alimwelekezea mumewe kwa mkono wa kushoto. "Sishiki jembe. Mwezi muzima. Dokta amesema."

"Sasa sindano ulienda kupigwa ya nini?" Sebahire aliuliza. Alikuwa ameanza kuuliza hivyo kabla uji haujachemka, na sasa uji ulikuwa umekwisha na sufuria imekauka.

"Ya kupona."

"Eeh! Muntu akipona anafanya kazi. Hajifunge kitenge kama amefiwa. Sindano ya kwanza ulilima. Ya pili ulilima. Hii ya tatu iko na cheo gani, mpaka haitaki kugusa udongo?"

"Na ile ya kwanza iko wapi leo? Na ya pili? Nionyeshe."

"Ziko ndani ya bega."

"Ziko ndani ya shamba, Papa Shema. Nilizilima zote mbili."

Sebahire alitazama ng'ambo ya bonde. Hakuwa mtu mbaya. Kwa miaka kadhaa sasa ndiye aliyemfunga mkewe kitambaa cha kichwa kila asubuhi, maana mkono wa Emérita haukuweza kupita sikio. Alikifunga kama mtu anayefunga mbuzi kwenye kigingi, fundo kubwa juu ya paji la uso, na kule kwenye maji wanawake walikuwa wakimwona kwa mbali wanasema, huyo Mama Shema anakuja, tumeona kamba. Emérita hakuwahi kulifungua fundo hilo mbele ya mumewe. Alitoka nalo hivyo hivyo, mpaka kanisani.

Lakini asubuhi hiyo utani wa kitambaa haukuwa na nafasi. Mvua za Septemba zilikuwa zimeanza kulainisha vilima vya Kingi, na likirimba ilikuwa inafungua msimu. Likirimba ya jembe ni hivi: akina mama wanajipanga mstari mmoja, leo wanalima shamba la huyu, kesho la yule, mpaka mashamba yote yamegeuzwa. Hawapeani kitu kingine, ni jembe kwa jembe. Asiyelima kwa wenzake, shamba lake linarukwa. Na mstari ule una macho. Wote wanapanda mlima kwa mwendo mmoja. Anayechelewa anaacha nyuma yake kipande chembamba cha majani ambacho hakikulimwa. Kipande hicho kinaitwa mkia, na kinapewa jina la mwenyewe. Wako wanawake waliokimbilia Sake kwa ajili ya vita, wakarudi wakakuta nyumba hakuna, mbuzi hakuna, chungu hakuna, lakini mkia waliouacha miaka ile bado unakumbukwa.

"Ukitoka katika likirimba, shamba ya juu nani atailima?" Sebahire alianza tena, safari hii kwa sauti ya chini, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Tutakula nini mpaka mavuno ingine? Hii bustani ya nyuma ya nyumba?"

"Lima wewe. Jembe iko pale."

"Mimi? Ndani ya mustari ya bamama?"

"Udongo hauangalie kama ni suruali ao kitenge."

"Kesho napandisha ng'ombe za watu Burungu, unajua vizuri. Na hata kama singeenda. Watanicheka mpaka ng'ombe zenyewe zisikie."

"Basi usiniambie habari ya jembe."

Bega hilo lilianzia kwenye njia ya Walikale. Wakati ule Emérita alikuwa akishuka na maharagi na kupandisha mafuta ya mawese, dumu la bidoni mgongoni, kamba ya kubebea kwenye paji la uso, siku kwa siku ndani ya msitu na matope. Kwenye mteremko mmoja mguu ulimtoroka, akashika mti kwa mkono wa kulia. Mwili ulikwenda, mkono ukabaki. Waliokuwa naye walimsifu sana kwamba mafuta hayakumwagika hata tone, na kwa sababu hakupiga kelele hakuna aliyeuliza habari ya mkono. Alifika nyumbani, akasuguliwa, akapumzika kidogo, akashika jembe. Tangu hapo bega likawa kama mlango ulioharibika bawaba: lilifunguka kidogo, likagoma. Usiku alilalia upande mmoja tu.

Alipopigwa sindano ya kwanza hospitalini, pale Masisi centre, maumivu yaliondoka kama mgeni asiyeaga. Aliamka, akageuza mkono huku na huku, akacheka peke yake. Likirimba ilikuwa inapanda kwa Mama Solange, naye akaenda nayo. Siku ile alilima mbele ya mstari mzima. Mama Solange, mkuu wa likirimba, ambaye wote wanamwita Prezida, alisema neno ambalo toka hapo limekuwa kama amri: dawa ya sindano lazima itembezwe ingali moto, ukiilaza inaganda. Wakapiga vigelegele. Mwezi haukwisha, bega likarudi kuuma, na safari hii lilirudi na shingo. Akapigwa ya pili, akaitembeza, yakawa yale yale.

Lakini watu hawakukumbuka kule kurudi. Walikumbuka alivyolima. Pale njia panda kuna kijana mmoja, Théophile, mwenye duka dogo la dawa. Hakusomea uuguzi, alimbebea muuguzi begi kwa muda mrefu, mpaka muuguzi akahama na begi likabaki. Hata hivyo wanamwita Dokta. Akina mama walianza kumwendea mmoja mmoja: "Dokta, unipige ile ya Mama Shema." Naye hakukataa mtu. Goti, kiuno, kiwiko, alipoonyeshwa alipiga. Kufikia msimu huu ilikuwa imekuwa desturi: likirimba ikikaribia, unanoa jembe, unapigwa sindano.

Juzi, Dokta Astrid wa pale hospitalini alimkalisha Emérita kwenye kiti, mgongo wazi, akapapasa nyuma ya bega kwa kidole gumba, polepole, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani.

"Mama, sindano ya kwanza, ulipumzika?"

"Nililima."

"Na ya pili?"

"Nililima."

"Basi mimi najenga, wewe unabomoa. Na nguvu ya kubomoa ninakupa mimi mwenyewe." Sindano ikaingia.

Emérita alikuwa amezaa watoto sita bila kelele, na hakupiga kelele pale, lakini vidole vya miguu vilijikunja vyenyewe ndani ya kandambili. Kwanza alisikia baridi. Halafu uzito, kana kwamba bega limejazwa maji. Halafu kimya.

"Imenyamaza, Dokta."

"Imenyamaza, haijapona. Sikiliza." Dokta alishika pindo la kitenge cha Emérita, mahali palipochakaa, akalinyanyua mbele ya dirisha. Mwanga ulipita. "Kamba inayoshika mukono yako iko hivi. Haijakatika, lakini unaona ng'ambo ya pili. Maumivu ni mulinzi. Mimi nimemulalisha mulinzi ili ufanye mazoezi, si ili uingie na jembe. Na sitarudia. Ukipigwa ingine, dawa yenyewe italainisha hiyo kamba. Siku moja utanyanyua mukono na mukono itakataa."

"Itakataa mpaka lini?"

"Kwa maisha, mama."

Kisha kine, mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa pale hospitalini, akamfundisha kupandisha vidole ukutani kama buibui, na kuinama akibembeza mkono kama kengele. Chini ya kifua, alisema, mkono ufanye unachotaka, uchukue sahani, umwage maji, usilale tu. Juu ya kifua, bado. Jembe, hapana kabisa, mwezi mzima, halafu wataangalia. Emérita aliuliza jambo moja tu: akifuata yote, ataweza kufika juu ya kichwa chake mwenyewe? Kine akasema inawezekana. Hakuapa. Emérita alipenda kwamba hakuapa.

Haya yote alikuwa amemwelezea Sebahire mara mbili. Sasa alikuwa anajiandaa kumwelezea mara ya tatu, na matusi kidogo ndani, pale uani waliposikia majembe yakigongana njiani.

Likirimba ilikuwa inapita. Mama Solange mbele, mwanamke mpana mwenye sauti iliyokwaruzwa na nyimbo za miaka mingi, jembe begani. Nyuma yake akina mama kumi na kitu, na katikati yao, safi kama anakwenda ubatizo, Théophile na begi lake.

"Hodi kwa wagonjwa!" Mama Solange aliita, na kabla hajajibiwa alikuwa ameshaingia. "Mama Shema, tunakwenda kwangu. Jembe yako iko wapi?"

"Iko mahali inalala, Prezida. Mimi leo nakuja na hii." Emérita aliinama akatoa mlangoni kapu la mbegu alilokuwa amelitayarisha tangu asubuhi, maharagi meupe na yenye madoa, yamechambuliwa. "Nitapanda nyuma yenu. Mashamba yote, mpaka ya mwisho. Nyinyi mulime, mimi nipande. Mukono wa chini unaruhusiwa."

Wanawake walitazamana. Mmoja alicheka puani.

"Kupanda kila mutu anapanda kwake," Mama Solange alisema. "Mbegu ya nyumba yangu ipite mukono ya nani? Toka mama yangu likirimba ni jembe."

"Mama yako hakupigwa sindano."

"Na mimi mugongo inaniuma, nimekuambia? Rosalie hapa, goti. Huyu, kiuno. Nikisamehe bega leo, kesho nitasamehe goti, na juma ijayo nitakuwa mu shamba peke yangu na Mungu, na Mungu halime."

Walicheka, na Emérita mwenyewe karibu acheke, maana neno lile lilikuwa na ukweli ndani yake. Alimfahamu Solange. Mwanamke huyo alikuwa ameishika likirimba wakati wa kukimbia na wakati wa kurudi, wakati kila kitu kingine kilisambaratika. Hakuishika kwa upole.

"Lakini hatukuja kukutupa," Mama Solange aliendelea, sauti ikalainika. "Ndiyo maana tumemuleta Dokta. Papa Shema alimuita."

Emérita aligeuka akamtazama mumewe. Sebahire alikuwa anasoma udongo.

"Ulimuita?"

"Nilisema apitie tu. Aangalie."

Théophile alikuwa ameshafungua begi juu ya kinu kilichofunikwa. "Mama, usiogope," alisema kwa sauti ya kanisani. "Ni ile ile ya hospitali. Nakuongezea kidogo tu juu ya ile ya juzi. Utalima mpaka jua ishuke na hutasikia kitu."

"Hapo njo pabaya, mutoto yangu. Kutosikia."

"Sasa unataka kusikia maumivu?"

"Nataka nisikie yakiniambia acha. Dokta Astrid amesema ikiingia ingine kamba itakatika."

"Bale ba hospitali bako na vitabu," Théophile alisema, akivuta dawa ndani ya sindano. "Sisi tuko na watu. Uliza hawa bamama. Nimewapiga wote, nani amekufa?"

"Hakuna amekufa," Emérita alisema. Aliwageukia wanawake. "Lakini nani amepona? Semeni. Nani hapa alipigwa ile ya Mama Shema?"

Kisha mmoja akainua kidole kwa shingo upande, na mwingine. Rosalie, jirani wa upande wa chini, alikuwa amekazia macho mpini wa jembe lake kana kwamba umeandikwa kitu.

"Rosalie. Ulipigwa mara ngapi mu goti?"

"Sikuhesabu."

"Na ukishuka kwenye maji sasa, unashuka namna gani?"

Wote walijua. Siku hizi alishuka kinyumenyume, ameshika majani.

"Ile ya Mama Shema!" Emérita alisema, na sasa sauti ilikuwa imempanda. "Mumenipa sifa, nayo ni uongo. Mimi njo Mama Shema, niangalieni! Nililima siku ile kama mwenye wazimu kwa sababu mulinzi alikuwa amelazwa. Nikararua kamba yangu mwenyewe na nyinyi munapiga vigelegele. Hakuna sindano inashona. Inanyamazisha. Muntu akinyamazishwa utasema amepona?"

"Unaharibia mutoto ya watu kazi," mwanamke mmoja alinung'unika.

"Yeye aliharibu goti ya watu."

"Mama!" Théophile alisema, na kwa mara ya kwanza sauti ya kanisani ikamponyoka. "Walikuja wenyewe! Nilifunga mutu kamba?"

"Hukumufunga. Hata mimi hutanifunga. Rudisha kifuniko."

Sebahire alisogea akamshika mkono wa kushoto. "Mama Shema, kidogo tu," alisema karibu na sikio lake. "Kwa ajili ya shamba. Hii msimu moja. Halafu utapumzika, naapa, nitachota maji mimi mwenyewe."

Hilo ndilo lililomuuma. Matusi angeyajibu. Alimtazama Sebahire, uso ule aliokuwa akiuona karibu hivyo kila asubuhi akihangaika na fundo, na aliona kwamba mwanaume huyu hakuwa anamwonea. Alikuwa anaogopa njaa. Shamba la juu ndilo lililowavusha walipotoka Sake mikono mitupu, na hofu ya mwaka ule ilikuwa bado imekaa mabegani mwake, mabega mazima yasiyo na kasoro.

Kwa muda mfupi sana Emérita aliliona jambo lote jinsi lilivyo rahisi. Kuvua blauzi kidogo. Mchomo mmoja. Kushuka na wenzake wakiimba, na jioni mgongo umenyooka na hakuna mkia. Bega lilikuwa kimya, kimya kabisa, lingemruhusu.

"Na mukono ikikataa, Papa Shema?" alisema. "Msimu ijayo utaita nani? Utapiga sindano kitu gani?"

Hakungoja jibu. Alijinasua.

"Uko ndani ao uko nje?" Mama Solange aliuliza. Jua lilikuwa linapanda. "Sema, tuna kazi."

"Jembe, hapana. Sindano, hapana. Mbegu munakataa."

"Tunakataa."

"Basi niko nje."

Neno hilo halikuwahi kusemwa katika likirimba ile, si kwa mdomo wa mtu mzima mwenye akili zake. Watu walikuwa wametolewa, hakuna aliyejitoa. Mama Solange alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa nyumba yenye moto ndani.

"Shamba yako tutairuka."

"Muiruke. Nitawaona mukipita."

Wakatoka. Théophile alirudisha vitu begini kwa haraka, bila kuaga, akashika njia yake. Wimbo wa kushuka ulianza kabla hawajafika kwenye migomba, na Rosalie alikuwa wa mwisho mstarini, akitua mguu mmoja kwa uangalifu.

Sebahire aliketi juu ya kinu. "Umetuua," alisema.

"Bado unapumua."

Emérita alitia mkono wa kushoto kwenye mshikio wa kapu la mbegu, akalining'iniza kwenye kiwiko, akapanda njia ya shamba la juu. Hakuwa na mpango. Kusema kweli alikwenda kwa sababu hakutaka kulia uani. Kama ni kulia, alitaka alilie shamba mbele ya shamba.

Alisikia nyayo nyuma yake. "Unakwenda kupanda wapi?" Sebahire alikuwa anapumua kwa nguvu. "Shamba haijalimwa!"

"Naona."

"Ni majani tu!"

"Ni majani uliyakata wewe. Nakushukuru."

Shamba la juu lilikuwa mteremko mpana unaotazamana na la Mama Solange, korongo moja katikati. Wiki iliyopita Sebahire alikuwa amelifyeka lote kwa panga, na majani yalikuwa yamelala chini, yameanza kukauka juu na kuoza chini. Miti ya kusimamishia maharagi yanayotambaa ilikuwa imerundikwa pembeni. Emérita alisimama akilitazama. Akajaribu kulipima kwa mwanamke mmoja mwenye mkono mmoja na jembe: haikuwezekana, hata mvua zingengoja kwa heshima. Aliketi pembezoni, kwenye kijia ambacho hakikuwahi kulimwa tangu shamba liwe shamba, udongo uliokanyagwa na miguu ya kila siku.

Karibu na kandambili yake palikuwa na mharagi.

Ulikuwa umeota wenyewe, majani mawili mapana, ya kijani kibichi. Hatua moja mbele kulikuwa na mwingine. Emérita aliinama. Ilikuwa mingi, imefuata kijia kizima: maharagi yaliyodondoka kwenye makapu wakati wa mavuno, yakakanyagwa, yakafunikwa na majani makavu, na mvua ilipofika yakatoka bila kuomba ruhusa ya jembe. Kila msimu yalikuwepo. Kila msimu waliyang'oa, wakalima, wakapanda mengine.

Alifukua mmoja kwa kidole, akatazama mzizi ulivyoshika udongo ambao haukuwahi kulimwa.

"Nini?" Sebahire aliuliza.

Emérita alisimama. Alikwenda kwenye rundo la miti, akapekua kwa mguu, akachagua mmoja uliochongoka upande mmoja, mnene kiasi cha kushikika. Aliushika kwa mkono wa kushoto, akasukuma majani kwa ncha, akaudidimiza. Udongo mweusi ulikuwa umelowa. Mti ulizama mpaka kiganja kizima, bila ubishi. Akauchomoa. Tundu likabaki, safi, na harufu ya mvua ndani yake.

"Hapana," Sebahire alisema. "Hapana, Mama Shema. Watu hawapandi hivyo. Tutaonekana wavivu mpaka Masisi centre."

"Waniite muvivu. Nimeitwa shujaa, umeona ilinifikisha wapi."

"Na zisipoota?"

"Zisipoota nitakuwa na njaa na mikono miwili."

Alihamisha kapu kiunoni, akaliingiza kwenye mkanda wa kitenge. Kisha akautoa mkono wa kulia kwenye ule mfuko wa kifuani. Polepole. Ulishuka ubavuni, ukaning'inia, na bega halikusema kitu. Aliuacha ubembee kidogo kama alivyofundishwa, halafu akautia kwenye kapu, chini ya kifua, chini kabisa, akachukua mbegu tatu kwa vidole, akazidondosha tunduni. Akafukia kwa kisigino.

Ng'ambo ya korongo mstari ulikuwa umeshajipanga. Majembe yalipanda pamoja na kushuka pamoja. Mtu mmoja alimwona, wimbo ukakatika katikati.

"Mama Shema!" sauti ya Mama Solange ilivuka bonde, imekwaruza. "Unatoboa nini? Unatafuta panya?"

Kicheko kilifuata, kikapiga mlima na kurudi.

"Napanda!" Emérita aliita. "Karibuni!"

"Shamba muzima mukia!"

"Uite kwa jina langu!"

Sebahire alishika kichwa kwa mikono yote miwili. Lakini macho yake yalikuwa chini, kwenye matundu, ambayo sasa yalikuwa matano, na kwa mtu aliyepanga vitalu maisha yake yote kulikuwa na jambo pale asiloweza kulivumilia.

"Mustari imepinda," alisema.

"Nyoosha, basi. Kamba iko kwenye kibanda."

Alisimama bado, akiangalia kibanda, akiangalia ng'ambo ambako akina mama walikuwa wameegemea majembe kutazama. Emérita hakumngoja. Alisogea juu hatua moja, akasukuma majani, akadidimiza mti, akadondosha mbegu, akafukia, akasogea.